Nani Anabebwa? Ulinganisho wa Wapinzani wa Kompyuta Katika Gemu za Mbio za Magari

Wachezaji wa gemu za mbio za magari wana malalamiko mawili yanayopingana, na mara nyingi mtu huyohuyo huyatoa yote mawili ndani ya wiki moja. La kwanza: "Nimeendesha safi mwanzo mwisho, kona ya mwisho jamaa katokea nyuma kama risasi, kanipita." La pili: "Nimewaacha wote tangu mzunguko wa kwanza, nazunguka peke yangu kama niko mazoezini." La kwanza linatokana na gemu inayombeba mpinzani. La pili linatokana na gemu isiyombeba yeyote. Kabla hujauliza ni gemu ipi yenye wapinzani wa haki, jiulize ni lipi kati ya maudhi hayo unaloweza kulivumilia, maana ni nadra kuyakwepa yote mawili.

Chanzo chake ni hesabu tu. Chukua mchezaji anayeishinda kompyuta kwa sekunde 3 kila mzunguko. Baada ya mizunguko 5 ametangulia sekunde 15. Gari linalokwenda kilomita 200 kwa saa hukata mita 55 na ushei kila sekunde, kwa hiyo huyo wa pili yuko zaidi ya mita 800 nyuma, haonekani hata kwenye kioo. Mbio zimekwisha, ingawa bado watu wanaendesha. Na mtengenezaji wa gemu anajua fika kwamba gemu moja itachezwa na mtoto asiyejua breki iko wapi na mtu mzima aliyefunga usukani mezani. Ana njia chache: aichakachue mbio ikiwa inaendelea, akuachie uchague ugumu kabla ya kuanza, awaondoe wapinzani akubakishie saa, au aifundishe kompyuta kuendesha kikwelikweli. Gemu nyingi huchanganya mbili tatu kati ya hizo, lakini kila moja ina njia inayoiegemea zaidi, na ndiyo ya kuangalia unapochagua.

Kamba ya mpira

Hii ndiyo inayotukanwa kuliko zote. Ukitangulia sana, wapinzani wanaongezewa kasi. Ukiachwa sana, wanapunguzwa. Ni kana kwamba magari yote yamefungwa kwenye kamba moja ya mpira: ukivuta mbele, nayo inawavuta wao.

Super Mario Kart ya mwaka 1992 ndiyo mfano usio na aibu hata kidogo. Wapinzani wa kompyuta mle hawahitaji kuokota silaha barabarani kama wewe. Kila mmoja ana yake na haimwishii. Bowser anatema mipira ya moto, Donkey Kong Jr. anadondosha ndizi, Mario na Luigi wanajigeuza wasiodhurika. Wewe ukitaka kitu sharti upite juu ya kigae chenye alama ya kuuliza, na utakachopata ni bahati nasibu. Sheria za mchezo ni mbili: za kwako na za kwao.

Matoleo ya baadaye yamekuwa na adabu zaidi, ila kanuni ya msingi haikuondoka, imehamia kwenye silaha. Unachookota kinategemea nafasi uliyopo. Wa kwanza anapata ndizi au sarafu. Wa mwisho anapata kitu cha kumrusha nafasi kadhaa mbele. Juu yake kuna gamba la buluu, lililoingia na Mario Kart 64 mwaka 1996, ambalo kazi yake ni kumtafuta anayeongoza na kumlipua. Mwenye kuendesha vizuri kuliko wote ndiye anayeadhibiwa, na gemu haioni haya kulisema hilo waziwazi.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema gemu za namna hii hazina ufundi. Ufundi upo, ila si ule wa kushika mstari wa kona. Mchezaji mzuri wa Mario Kart 8 Deluxe anajua lini atunze kitu nyuma yake kama ngao, lini aihifadhi honi inayoweza kulivunja gamba la buluu, na wengine wanajua hata kujichelewesha makusudi katikati ya mashindano ili waokote silaha nzito kisha waruke mbele mwishoni. Hiyo ni akili, tena akili kali. Na ukipanda hadi daraja la 200cc, kasi inakuwa kubwa kiasi kwamba asiyejua kufunga breki anaishia kwenye maji. Tatizo ni kwamba akili hiyo haikufundishi kuendesha, na matokeo ya mbio moja hayakuambii mengi kuhusu uwezo wako. Unahitaji mbio nyingi ndipo bahati ijipime yenyewe.

Kuna namna ya mpira yenye heshima zaidi. Pure, gemu ya pikipiki za magurudumu manne ya mwaka 2008, haikugusa injini za wapinzani. Watengenezaji wake walieleza kwamba kila dereva wa kompyuta alipewa viwango vya ujuzi, kwa mfano namna anavyokata kona au anavyofanya mbwembwe hewani, na mfumo ulichezea viwango hivyo badala ya kasi ya chombo. Mpinzani anayetakiwa arudi nyuma anakosea kona, anatua vibaya. Anayetakiwa akufikie anaanza kuendesha kwa umakini. Bado ni uchakachuaji, sikatai. Lakini hakupiti kwa kasi ambayo chombo chake hakina, na hilo pekee linapunguza nusu ya hasira.

Kasi iliyopangwa kabla

Upande wa pili kuna gemu zinazokwambia: chagua ugumu wako, halafu sisi hatutagusa kitu. Gemu za F1 za Codemasters za miaka ya karibuni zina kipimo kinachoanzia 0 hadi 110. Assetto Corsa Competizione ya 2019 inatenganisha uwezo na ukali, kwa hiyo unaweza kuwa na mpinzani mwenye kasi lakini muungwana, au wa polepole lakini mkorofi. Forza Horizon 5 inatumia majina badala ya namba, kuanzia Tourist chini kabisa hadi Unbeatable juu.

Hapa ndipo mimi nilipo, na nitasema kwa nini. Ukipata 78 kwenye kipimo cha F1 na mwezi ujao ukafika 84 huku nafasi unayomalizia ni ileile, umeongezeka uwezo. Kuna kitu cha kupima. Kwenye kamba ya mpira huna rula. Unamaliza wa pili kwa nusu sekunde leo, na ukicheza vibaya kesho unamaliza wa pili kwa nusu sekunde vilevile.

Lakini usidhani kasi isiyobadilika ni sawa na haki. Kuna mitego mitatu.

Wa kwanza ni kwamba kiwango kimoja hakilingani kwenye viwanja vyote vya mashindano. Unaweza kuwa unapambana vizuri kwenye uwanja mmoja kwa kiwango cha 80, ukahamia mwingine kwa kiwango hichohicho ukakuta unaachwa sekunde nzima kila mzunguko, au mvua ikanyesha na wao wakaendelea kana kwamba lami ni kavu. Hawakubebwa kwa makusudi. Wamepangwa vibaya tu. Wachezaji wengi wa F1 hurekebisha kipimo kila wiki ya mashindano, jambo linalochosha na linalokuachia shaka: je, nimeshinda, au nimejipunguzia?

Wa pili ni kwamba mara nyingi gari la kompyuta haliendeshwi kwa fizikia ileile kama lako. Kuiga tairi nne kwa undani ni kazi nzito kwa mashine, na kuziiga za magari ishirini ni nzito mara ishirini, kwa hiyo baadhi ya gemu huwapa wapinzani hesabu rahisi. Dalili yake utaiona unapotoka kwenye kona ya polepole: wewe unabembeleza mafuta ili tairi za nyuma zisizunguke ovyo, wao wanaondoka kama wamevutwa na sumaku. Wakati mwingine ni kinyume, wanafunga breki mapema mno mahali ambapo wewe unajua kuna nafasi. Ukishazijua kona hizo, unawapita hapohapo kila mara, na mbio zinageuka kuwa kukariri.

Wa tatu ndio unaoniudhi zaidi, nao hauhusu kasi kabisa. Ni nafasi. Umeingia kona ubavuni mwa mpinzani, gari zima liko ndani, na yeye anageuza usukani kana kwamba haupo, kwa sababu kweli haupo; yeye anafuata mstari aliochorewa. Unagongwa, unazunguka, na pengine gemu inakupa wewe adhabu. Mpinzani anayekushinda kwa kasi unaweza kumheshimu. Asiyekuona huwezi. Kwa hiyo unapotazama video za gemu unayofikiria kununua, acha kuangalia nani anashinda. Angalia kinachotokea magari mawili yanapoingia kona moja sambamba.

Gran Turismo 7 ya 2022 inastahili kutajwa kivyake. Wapinzani wake wa kawaida hawana kelele, lakini mbio nyingi za safari ya mchezaji mmoja huanza magari yakiwa tayari yanatembea kwa mstari mrefu, wewe ukiwa nyuma kabisa na kiongozi akiwa amekwishatangulia kwa makumi ya sekunde. Una mizunguko michache ya kuwapita wote. Kasi haijachakachuliwa, mpangilio ndio uliochakachuliwa. Ni zoezi zuri la kuovateki, ila kumaliza wa kwanza hakumaanishi kwamba kulikuwa na ushindani, na ukimaliza wa tatu haina maana kwamba wawili walikuzidi.

Na wewe unabebwa

Jambo hili husahaulika katika mabishano haya. Race Driver: Grid ya 2008 ilikuwa na uwezo wa kurudisha nyuma sekunde chache baada ya ajali, na Forza ikauchukua. Umekosea kona, unabonyeza kitufe, unarudia. Mpinzani aliyekupita kwa haki anarudishwa nyuma ya gari lako bila kuulizwa. Ukiongeza breki zisizofunga tairi, udhibiti wa utelezi wa tairi, na mstari uliochorwa barabarani unaogeuka mwekundu pale pa kufunga breki, unaona kwamba mizani haikuwa sawa tangu mwanzo, na haikuinama upande wa kompyuta.

Si vibaya kutumia misaada hiyo. Ila ukiifungulia yote halafu ukalalamika kwamba kiwango cha juu kinadanganya, kipimo chako kimevurugika. Forza Horizon inalitambua hili kwa kukuongezea malipo unapozima misaada na kupandisha ugumu, jambo ambalo lina ubaya wake pia: watu wanapandisha ugumu kutafuta fedha za gemu, siyo kutafuta ushindani.

Saa na kivuli

Anayetaka haki tupu ana jibu jepesi, nalo ni kumwondoa mpinzani. Trackmania, mfululizo ulioanza 2003, unakupa barabara, saa, na medali nne: shaba, fedha, dhahabu, na ya mtunzi wa barabara mwenyewe. Ukitaka unaweka kivuli cha mchezaji mwingine mbele yako, gari lisilogongeka, linalorudia alichofanya yeye. Vidole vikibonya vitufe vilevile kwa wakati uleule, gari linafanya kilekile, leo na mwakani. Hakuna bahati. Umekosa dhahabu kwa sehemu mbili za mia za sekunde? Ni zako.

Gemu za rali kama DiRT Rally 2.0 ziko karibu na hapo. Kwenye hatua za rali wapinzani huwaoni, unaona muda wao tu ubaoni baada ya kumaliza hatua, na hakuna wa kukugonga.

Gharama ya haki hii ni upweke. Hakuna kupanga wapi umpite mtu, hakuna kumsukuma afunge breki mapema kwa kujionyesha kwenye kioo chake. Nusu ya ufundi wa mbio ni kusoma mtu mwingine, na saa haisomeki. Tena hata huku binadamu hawakuacha ubinadamu wao: mwaka 2021 uchambuzi wa kumbukumbu za Trackmania ulionyesha kwamba baadhi ya rekodi za dunia ziliwekwa na watu waliopunguza kasi ya gemu yenyewe walipokuwa wakiendesha, kisha zikaonekana kama mbio za kawaida. Kompyuta safari hii haikuwa na kosa.

Real Racing 3 ilipotoka kwenye simu mwaka 2013 ilijaribu njia ya katikati, kwa kurekodi mbio za wachezaji halisi na kuwarudisha kama wapinzani unaoweza kuwagonga, hata kama wenyewe wamelala. Wazo zuri. Lakini mara unapomgusa mmoja wao haendeshi tena alivyoendesha mwenyewe, kompyuta imeshika usukani.

Kompyuta iliyofundishwa

Wazo la kuifundisha mashine kuendesha kama mtu ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Forza Motorsport ya kwanza, 2005, ilikuja na Drivatar, mfumo uliotokana na watafiti wa Microsoft huko Cambridge, Uingereza, uliojifunza mtindo wa mchezaji kwa kumtazama akiendesha. Mwaka 2013, Forza Motorsport 5 ikauhamishia kwenye seva, na ghafla ukawa unashindana na nakala za rafiki zako. Nakala hizo zilirithi pia tabia zao. Walioingia kona ya kwanza kwa kugonga kila mtu walizaa Drivatar zinazogonga kila mtu, na baadaye mfululizo huo ulilazimika kuweka kipengele cha kupunguza ukali wao.

Gran Turismo Sophy, dereva wa kompyuta aliyetengenezwa kwa ajili ya Gran Turismo, ni kitu kingine. Sony AI, kitengo cha akili bandia cha Sony, haikuifundisha kwa kuiga watu. Iliiacha ijaribu yenyewe kwenye mashine nyingi za PlayStation 4, ikipewa alama kwa kusonga mbele na kukatwa alama kwa kutoka nje ya barabara au kusababisha mgongano. Gari lake ni lilelile unaloendesha wewe, na inaamua mara 10 tu kwa sekunde. Julai 2021 ilikutanishwa na madereva bora wa Gran Turismo, ikashindwa katika hesabu ya timu. Oktoba mwaka huohuo ikarudiana nao, ikawashinda. Matokeo yalichapishwa katika jarida la kisayansi la Nature Februari 2022.

Je, hiyo ni haki? Kwa fizikia, ndiyo, kuliko karibu kila kitu nilichotaja hapo juu. Mtu anaweza kupinga kwamba inaijua mipaka ya barabara kwa namba kamili wakati wewe unakisia kwa macho, na hoja hiyo ina uzito. Lakini kilichonivutia kwake ni kwamba inakuachia nafasi ubavuni, inajaribu kukupita mahali usipotarajia, ikikosea inakosea kama dereva. Novemba 2023 toleo lake la pili liliingia ndani ya Gran Turismo 7 kwa wenye PlayStation 5, katika mbio za haraka kwenye baadhi ya viwanja, na ukaweza kuchagua ngazi yake. Ni nyama chache kwenye sahani kubwa, ila ukishazionja, wale wapinzani wengine wa mstari mmoja wanakuwa wagumu kuwarudia.

Pima kabla hujalaumu

Ukitaka kujua gemu uliyo nayo inambeba nani, usitegemee hasira. Endesha mbio moja kawaida, andika mwachano wa sekunde mwishoni. Rudia mbio hizo, ila mzunguko wa kwanza simama kando kwa sekunde kumi halafu endelea kama kawaida yako. Gemu isiyobeba itakupa matokeo mabaya zaidi kwa takriban sekunde kumi hizo. Inayobeba itakuletea mwachano ule ule, au karibu yake. Kama gemu inaonyesha muda wa kila mzunguko wa wapinzani, ni rahisi zaidi: muda wao ukibaki karibu palepale bila kujali unachofanya, hawajafungwa kamba. Baadhi ya gemu zina kipengele cha Catch-up, yaani msaada wa kuwafikia walio mbele, kwenye mipangilio; kizime, kisha rudia jaribio.

Kuchagua

Kwa chumba chenye watu wanne wa uwezo tofauti, mmoja akiwa hajawahi kushika kidhibiti, chukua Mario Kart 8 Deluxe na usione haya. Ina hata msaada wa usukani unaomzuia mgeni kutoka nje ya barabara. Kamba ya mpira ilibuniwa kwa ajili ya chumba hicho, na ukiweka gemu ya haki tupu pale, watatu watakuwa kwenye simu zao baada ya dakika ishirini.

Kwa anayetaka kuongezeka uwezo peke yake, Trackmania kama unapenda kurudia jambo moja hadi likae, F1 au Assetto Corsa Competizione kama unataka magari pembeni yako. Kwenye F1 anza na kiwango ambacho unamaliza kati ya wa tatu na wa sita, usikiguse ndani ya msimu mmoja hata uwanja mmoja ukikuumiza, na kipandishe kwa alama tatu nne msimu ukiisha. Ukikirekebisha kila mbio umejitengenezea kamba ya mpira kwa mkono wako mwenyewe.

Mwenye PlayStation 5 na Gran Turismo 7 tayari anayo Sophy, asinunue kitu kingine kabla hajaijaribu. Forza Horizon 5 ningempa mtu anayependa magari na mandhari kuliko ushindani. Wapinzani wake si wabaya, ila si sababu ya kuinunua.

Na kama bado huelewi unapenda nini, pakua SuperTuxKart, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Ndani ya faili lake la mipangilio kuna mstari wa speed-cap kwa kila ngazi ya ugumu, unaopunguza kasi ya wapinzani kulingana na umbali wao kutoka kwako. Nakili faili hilo kwanza, badilisha namba, cheza mbio tatu wapinzani wakipunguzwa kasi kulingana na umbali na tatu namba zikiwa hazitofautishi umbali wowote, kisha utajua ni fungu lipi la gemu la kutolea pesa.